Fao Limekwisha, Sisi Tupo

Mandewa, Jumapili mchana

Mama Neema,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wote ni wazima. Neema yuko uani anafua sare zake za shule, Hepi amelala kwenye mkeka baada ya kushiba wali, na mimi nimekaa hapa mlangoni kwa sababu ndani kuna joto. Upepo wetu unaujua. Nimeweka jiwe juu ya karatasi ili isiruke.

Jana tulikuwa Ikungi, tumelipaka chokaa kaburi lako. Nilitaka kukuambia haya yote palepale, lakini mama yako alikuwepo, kaka yako alikuwepo, watoto wa jirani wamejaa, na mimi sijui kuongea na marehemu mbele za watu. Nikabaki nimeshika brashi tu. Kwa hiyo nakuandikia. Nianze na lile kubwa, usije ukasoma kwa wasiwasi: watoto wako wapo kwangu. Wanakula, wanasoma, wanacheka, wanagombana. Ilibaki kidogo tutawanyike, Mama Neema. Hatukutawanyika.

Sasa nikueleze vizuri.

Tulipomaliza matanga nilirudi kiwandani. Wengine walinishangaa kurudi mapema, lakini mimi niliona heri kelele za mashine za kukamua alizeti kuliko ukimya wa chumba chetu. Pale nilikuwa nafunga beringi huku nalia, na hakuna aliyesikia. Basi haukupita muda mrefu bosi akatuita wote uani: wa mizani, wa boila, sisi wa mitambo. Akasema kiwanda amekiuza, na aliyekinunua anataka mashine azipeleke kwao, watu hawahitaji. Alisema kwa upole, simsingizii. Tukapewa barua zetu, kila mtu akaenda kukusanya vitu vyake. Mimi nilitoka na ovaroli mbili na kikombe changu cha chai.

Siku hiyo sikupanda boda. Nilitembea, nikapita kando ya ziwa, nikasimama kuwatazama wale ndege weupe. Unajua nilichokuwa nawaza? Sikuwaza kodi wala ada ya mitihani. Nilikuwa nawaza nikifika nyumbani nimwambie nani. Miaka yote hiyo, jambo lolote likinipata kazini, zuri au baya, nilikuwa nalibeba hadi jikoni kwako, naliweka pale, unalitazama, unasema lako. Safari hii nilikuwa nimebeba jambo kubwa kuliko yote na jikoni hakuna mtu.

Sikuwaambia watoto. Nikaingia ndani, nikalala.

Nikalala na kesho yake, na siku zilizofuata. Nilikuwa naamka kuwachemshia chai, nikitoka hapo narudi kitandani na kugeukia ukutani. Uliwahi kuniambia, "Wewe ukinyamaza, nyumba nzima inaumwa." Nyumba iliumwa kweli. Kuku wako walikuwa wanazurura hadi barabarani. Vyombo vinalala vichafu. Sikujua kwamba Neema ameacha kwenda shule. Alikuwa anavaa sare, anazunguka nyuma ya nyumba, nikishalala anarudi kumwangalia mdogo wake.

Siku moja mchana akaja akasimama mlangoni pa chumba, ana bakuli la uji. Nikamwuliza mbona hayuko shule. Akasema, "Baba, ukilala mchana Hepi anafikiri na wewe umekufa. Anakuja kukushika pua."

Mama Neema, sijawahi kupigwa na mtu, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Nilikaa kitandani. Nikanywa ule uji wote, ulikuwa na mabonge, nikaumaliza. Nikamwita Hepi aje ashike pua yangu nikiwa macho. Akaishika, akacheka. Kisha nikawaambia ukweli wote, mkubwa na mdogo: kazi imekwisha, baba hajui itakuwaje, lakini baba hafi na halali tena mchana. Kesho yake nilimpeleka Neema shuleni mwenyewe, nikaongea na mwalimu wake nimesimama wima.

Ndipo akaja Msengi, yule wa boila, mrefu, uliyekuwa unamcheka kwamba anainama hata akiwa nje. Akaniuliza kama nimeshafuatilia fao. Nikamwambia mimi bado kijana, fao ni la wazee. Akasema siyo la uzee, kuna fao la kukosa ajira: ukiachishwa kazi bila kosa lako, ule mfuko uliokuwa unakatiwa mshahara kila mwezi unakulipa theluthi ya mshahara kwa miezi sita, huku unatafuta pengine pa kushika. Nikakataa. Niliona kama kwenda kuomba. Mimi ni mwanaume wa Ikungi, nina mikono miwili, niende dirishani kusema sina kitu? Msengi hakubishana. Alikuja tu kesho yake asubuhi na baiskeli yake, akasema, "Panda."

Pale ofisini mjini nilikaa kwenye benchi nimeshusha kofia usoni nisitambulike. Zamu yangu ilipofika, binti wa dirishani akaniamkia vizuri, shikamoo baba, nikaitikia kwa sauti ndogo. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akasema, "Baba, usiinamishe kichwa. Hii siyo sadaka. Ni jasho lako mwenyewe, ulikuwa unakatwa." Nilitoka pale nimevua kofia.

Lakini Mama Neema, kati ya kuomba na kulipwa kuna safari. Walitaka hiki, tukarudi, wakataka kile, tukarudi tena. Muda huo wote tuliishi kwa kuku wako. Nikuombe radhi kwa yule jogoo mwekundu. Alikwenda stendi, akanunuliwa na abiria wa Mwanza, akatulisha wiki nzima. Wale matetea sikuwagusa. Niliwakusanya, nikawatengenezea banda upya, nikawachanja. Neema anawasemesha Kinyaturu kama ulivyokuwa unafanya, na wanamsikiliza. Mimi wananitazama tu.

Na Bi Zainabu, mwenye nyumba wetu, Mungu ampe maisha marefu. Nilimwendea nikamwamkia, nikamweleza hali bila kuficha. Nilitegemea aniambie nitafute chumba kingine. Akasema, "Nilikaa na mkeo miaka yote, hajanikosea hata siku moja. Nipe nusu. Nusu nyingine nipe alizeti zikivunwa." Nikamwambia mama, mimi sina shamba la alizeti. Akasema, "Nani kasema shamba? Wewe si fundi wa mashine zake?" Siku hiyo sikumwelewa.

Fao likaingia. Ile simu ilipolia ujumbe wa benki nilikuwa nasonga ugali, nikauacha ukaungua. Theluthi ya mshahara siyo mshahara, unajua mwenyewe ulivyokuwa unabana hata ule mzima. Nikamketisha Neema, tukapanga kama watu wazima wawili. Kodi kwanza. Unga wa uwele tukaanza kununua gunia Ikungi badala ya kupima dukani. Mkaa, daftari, dawa ya kikohozi ya Hepi. King'amuzi tukakisahau, jioni tukawa tunasikiliza taarabu ya redio ya Bi Zainabu kupitia ukutani, sasa Hepi anajua nyimbo ambazo mtoto wa Kilutheri hapaswi kuzijua.

Nikajifunza kupika mlenda. Usicheke. Wa kwanza niliuzidishia magadi, ukawa mchungu, tukaula kimyakimya. Wa pili haukuvutika. Sijui wa ngapi ndipo Neema alipoinua tonge, akaangalia ule uzi unavyoshuka, akasema, "Huu ni wa mama." Nikatoka nje kidogo.

Halafu nywele. Neema ananyoa kwa ajili ya shule, hana shida. Lakini Hepi alikuwa hajaanza, na kichwa chake kilikuwa kimekuwa msitu. Kila nikishika chanuo anakimbia. Kumpeleka saluni kila mara hela hairuhusu. Nikamwendea Bi Zainabu tena, nikasema mama nifundishe kusuka. Aliniangalia vidole hivi vya kushikia spana, akacheka hadi akashika ukuta. Lakini alinifundisha. Tulikaa barazani mchana kweupe, mimi, Hepi katikati ya magoti, Bi Zainabu pembeni ananielekeza: gawa, shika, ongeza, vuta kidogo, umemuumiza, anza tena. Twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma, ilinichukua Jumamosi nzima. Watu walikuwa wanapita barabarani wanasimama.

Kijiweni wakanipa jina: Mzee wa Fao. "Mzee wa Fao, leo umesuka ngapi?" "Mzee wa Fao, mshahara wa kukaa umeingia?" Mwanzoni lilinichoma. Nilikuwa nazunguka njia ya mbali nisipite pale. Siku moja nikachoka kuzunguka. Nikapita katikati yao nimemshika Hepi mkono, wakaniita, nikasimama nikawaambia, "Ndiyo, ni mimi. Fao ni haki yangu, na mistari hii nimesuka mimi. Nani anataka nimsuke?" Wakaangua kicheko. Kicheko kingine, siyo kile cha kwanza. Mmoja wao akanifuata baadaye, ananong'ona, ameachishwa kazi ya ulinzi, anauliza hilo dirisha liko wapi. Nikampeleka mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye lile lililotaka kutuvunja.

Kaka yako Daudi alikuja mjini kununua mbegu, akapita kutusalimia. Alinikuta uani nimejifunga khanga kiunoni, nafua nguo za ndani za watoto. Saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nikamkaribisha, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri basi, akanywa chai nusu kikombe, akaaga. Siku chache baadaye ikaja simu: mama yako anaita kikao. Wakati wa likizo ya Pasaka nifike na watoto. Na niwafungashe nguo zao zote.

Zote, Mama Neema. Nilielewa.

Sikuwaambia watoto maana yake. Nilifungasha. Kila gauni nililokunja nilikuwa nasema moyoni, nitakuja nalifungua hapahapa. Fao lilikuwa limebakiza malipo ya mwezi mmoja tu. Kusema kweli niliwaza, labda wana haki. Labda kule kuna maziwa, kuna bibi, kuna mashangazi, na huku kuna mimi na mlenda wangu. Niliwaza hivyo njia nzima hadi Ikungi. Hepi alikuwa amelala mapajani mwangu, Neema anaangalia dirishani. Yule mtoto alijua. Tuliposhuka alinishika mkono, na unajua tangu atimize miaka kumi amekataa kushikwa mkono.

Tuliketi sebuleni kwa mama. Baba yako mdogo, Gidioni, ndiye aliyeongoza. Mashangazi walikuwepo. Mama yako alikaa kwenye kona yake na, kwa heshima ya mkwe, hakunitazama usoni, kama siku zote. Daudi akasimama akasema, "Hatumchukii shemeji. Lakini tuseme ukweli. Kazi hana. Analipwa hela ya kukaa, na hiyo nayo inaisha mwezi ujao. Wale ni watoto wa kike. Watalelewa na nani?"

Wote wakanigeukia. Baba Gidioni akasema, "Baba Neema, tunakusikiliza."

Nilisimama. Nikawasalimu wakubwa wote. Nikasema shemeji hajadanganya popote: kazi sina, na hela inaisha mwezi ujao kama alivyosema. Lakini isiitwe hela ya kukaa, niliitolea jasho miaka mingi na imewalisha wajukuu zenu. Nikasema nimeshaanza kuitwa kutengeneza mashine ndogo za kukamua, mbili mpaka sasa, na msimu wa alizeti haujafika. Sina cha kuwaahidi zaidi ya hapo. Nikaona nyuso haziridhiki. Basi nikasema lililokuja mdomoni, sikulipanga. Nikasema, "Hepi hawezi kulala mpaka ashike sikio la mtu. La kushoto. Neema akisema hana njaa, maana yake amemwachia mdogo wake, umpakulie tena bila kumwuliza. Mama yao alikuwa anayajua haya. Alipoondoka ilibidi nijifunze upya yote, na nimejifunza. Kama kuna mtu humu ndani anawajua watoto hawa kuliko mimi leo, aseme, nami nitamwachia."

Shangazi mmoja alikuwa anafuta macho kwa upindo wa khanga.

Mama yako akanyoosha mkono, akamwita Hepi. Akamweka mapajani, akamkagua kama anavyokagua kila kitu: masikio, kucha, shingo. Akafika kichwani. Akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kisha wa pili. Akamwambia Baba Gidioni, "Hebu mwulizeni mkwe, mtoto huyu kasukwa na nani?"

Kabla sijajibu, Hepi akasema, "Baba. Ila alinivuta."

Mama yako alicheka, Mama Neema. Tangu siku tuliyokuzika sikuwahi kumsikia akicheka, na sidhani kama kuna aliyemsikia. Alicheka hadi mwili wote unatikisika na Hepi juu yake anatikisika, akasema, "Mistari yenyewe imepinda kama njia ya mbuzi!" Mashangazi nao wakacheka, Daudi akacheka, na kile kicheko cha mama yako katikati ya njia kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, amemkumbatia mtoto, na tukamwacha alie.

Aliponyamaza alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alinitazama usoni. Akasema, "Baba Neema, mimi sikutaka kukunyang'anya. Niliogopa. Wewe ni kijana, utaoa, utahama, na mimi nitabaki na kaburi tu."

Kumbe ndilo lililokuwa linamsumbua. Siyo kazi yangu, siyo fao. Nilipiga magoti pale mbele yake, nikamwambia mama, likizo zote ni zako. Na nyumba yangu, popote itakapokuwa, ina kitanda chako. Akamwambia Baba Gidioni afunge kikao, watu wana njaa.

Jioni Daudi alitusindikiza hadi barabarani, amebeba gunia la uwele begani ambalo hakuna aliyemwomba. Basi lilipokaribia akasema, "Shemeji, nilipokuona na ile khanga niliogopa umechanganyikiwa." Nikamwambia hata mimi kuna siku niliogopa hivyo hivyo. Tukapeana mikono kiume. Na zile nguo, Mama Neema, nilizifungua usiku uleule, nikazipanga kabatini moja moja. Neema alikuwa anazipokea. Alikula sahani mbili.

Malipo ya mwisho yakaja, kisha hayakuja tena. Mwezi wa kwanza bila fao ulikuwa mgumu, sitakuficha. Lakini hofu ilikuwa imepungua, sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimeshaona kitu kikubwa kuliko kukosa hela na nimekivuka.

Halafu alizeti zikaiva, na ndipo nilipomwelewa Bi Zainabu. Simu ya kwanza ilitoka Shelui. Mama mmoja pale, Mama Kiula, ana mashine yake karibu na malori yanapopumzika. Imekataa katikati ya msimu, magunia ya watu yamejaa hadi barabarani, na mafundi wawili imeshawashinda. Nilipanda basi la alfajiri, nikamwachia Bi Zainabu watoto. Nikafika, nikaomba wazime kila kitu, nikaifungua yote, nikatandaza vipande vyake kwenye turubai. Shafti ilikuwa imelika na beringi waliyoweka haikuwa ya saizi yake. Nikaenda kwa wachomeleaji wa malori, tukaijaza ile shafti, nikaisugua hadi ikakaa. Wakulima wamekaa juu ya magunia yao wananitazama, wengine wamekata tamaa wanataka kupakia warudi. Alasiri nikasema, "Washa."

Ikanguruma. Ikakohoa mara mbili, moyo wangu nao ukakohoa. Kisha ikatulia kwenye sauti ile ninayoijua, na mafuta yakaanza kutoka, membamba kwanza, halafu mazito, ya njano kabisa. Wale watu walipiga makofi! Mzee mmoja alichovya kidole akalamba, akanipa mkono na mafuta yake. Mama Kiula akasema, "Fundi, hupandi basi hapa kabla sijachukua namba yako. Na ya watoto wako, wakirithi ufundi."

Tangu siku hiyo sijakaa bure. Shelui wanaambiana, Iguguno wanaambiana, hadi Ikungi kwetu nimetengeneza mbili, na ya pili ni ya rafiki wa Daudi, aliyenisifia hadi nikaona haya. Mimi na Msengi tumekodi banda karibu na stendi. Tulipotaka kuandika jina mlangoni, Msengi akapendekeza majina marefu ya maana. Nikamwambia mchoraji aandike "Karakana ya Mzee wa Fao". Sasa mtu yeyote mjini ukimwuliza anakuelekeza. Na wanakuja pia wasio na mashine, walioachishwa kazi, wanasimama mlangoni wanazungukazunguka. Namwachia Msengi spana, namchukua mtu, nampeleka hadi dirishani. Nikiona ameshusha kofia usoni, namwambia avue.

Bi Zainabu nimemlipa nusu zake zote. Alizihesabu, akanirudishia kidogo, akasema ni ya chanuo jipya.

Simaanishi kwamba sikulilii. Kuna siku nafunga karakana nikiwa nimepata kazi kubwa, natembea haraka kuja nyumbani kukuambia, nafika mlangoni ndipo nakumbuka. Ila siku hizi nikifika pale naingia, nawaambia watoto. Hepi anasema lake. Huwa halihusiani na mashine hata kidogo, lakini analisema kwa mkazo ule ule wako.

Kuna jambo la wiki iliyopita lazima nikuambie, halafu nimalize, Neema ameanza kuita nije nimsaidie kukamua nguo. Nilimpeleka Hepi kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akamwuliza jina lake, akasema. La baba, akasema. "Na mama yako anaitwa nani?" Akasema, "Mama Neema." Mwalimu akatabasamu, akasema hapana, jina lake hasa. Mtoto akanigeukia. Hajui, mke wangu. Miaka sita, hajui. Tangu msiba sisi wote tumekuwa tunasema marehemu, tunasema mama yenu, tunashusha sauti. Hakuna aliyewahi kumtajia.

Nikasema, "Paskalina." Nilikuwa sijalitamka tangu siku tuliyokuzika. Nilidhani litanichana koo. Halikunichana, lilitoka safi, na mwalimu akaliandika. Tulipokuwa tunarudi Hepi alikuwa anarukaruka mbele yangu, anaimba: Pas-ka-li-na, Pas-ka-li-na, anawaambia wapita njia, "Mama yangu anaitwa Paskalina!" Wanaume wa kijiweni wakanyanyuka wakampigia makofi.

Basi hii ndiyo ahadi yangu. Nitawalea hawa watoto mpaka wasimame. Nitampelekea mama yako likizo zake. Na jina lako halitatajwa kwa kunong'ona tena ndani ya nyumba hii; nitaliita kwa sauti mezani, barabarani, siku za shida na siku za sherehe, mpaka wajukuu zako walijue.

Pumzika vizuri, Paskalina. Sisi tupo.

Mume wako,
Elia